Jiwe Nililoliacha Kwenye Kona

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa, mwanangu, na mke wangu analijua hilo na ameshanisamehe. Haikuwa siku ya sherehe. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, na mimi nilikuwa dereva kijana wa lori, nikipandisha mchanga kutoka Isiolo kwenda Timau.

Juzi ulipopata leseni uliniuliza kona ipi ya barabara ile ni mbaya kuliko zote. Nilikujibu kwa mzaha kwamba zote ni mbaya kwa mtu anayejiona dereva. Ulicheka, nami nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri kwa sababu swali lako lilikuwa na jibu na mimi nililificha. Leo nakujibu.

Barabara yenyewe unaijua. Unaliacha joto la mji, unaacha mbuzi wanaolala kivulini mwa maduka, unaanza kupanda. Unapanda mpaka masikio yanaziba. Ndani ya saa moja umetoka kwenye miiba na kuingia kwenye baridi, kwenye ngano na viazi na watu waliovaa makoti mchana. Ukisimama na kugeuka nyuma unaiona nchi yote ya kaskazini imelala chini yako, vivuli vya mawingu vikitembea juu yake, na mbali kabisa mlima Ololokwe, kichwa chake kimekatwa sawa kama mkate. Siku hizi vijana wanatoka Nairobi na baiskeli nyepesi, nguo zimewabana utadhani wamezaliwa nazo, wanaipanda barabara hiyo wakihema na simu zinawahesabia dakika. Mimi siwacheki. Haya, nawacheka kidogo. Lakini nawaheshimu, maana mlima ule nimeupanda na injini na bado ulinitoa jasho.

Siku hiyo mwenzangu wa lori alikuwa matangani, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mchanga ni mzigo mbaya, mwanangu. Hauna sauti kama ng'ombe, lakini unalivuta lori nyuma kila hatua. Nilipofika ile kona kali iliyo karibu na juu, maji ya rejeta yakaanza kuchemka na mvuke ukatoka mbele yangu. Nikasimama. Nikavuta breki ya mkono, nikaacha gia ndani, nikaruka chini, nikatafuta mawe mawili na kuyatia nyuma ya magurudumu. Hivyo ndivyo tunavyofanya hadi leo. Breki ni za kiwanda, lakini jiwe ni la kuaminika.

Nilingoja injini ipoe. Nilikaa ukingoni nikiitazama nchi ile chini, nikijiona mkubwa, kijana wa Kiturkana ambaye baba yake aliipanda njia hiyo kwa miguu nyuma ya mbuzi, na mimi naipanda nikiwa na tani za mchanga. Kisha nikaongeza maji, nikapanda, nikaliondoa lori.

Sasa sikiliza vizuri. Kama hatua mia mbili mbele ya kona ile kuna mahali pa tambarare. Dereva aliyenifundisha kazi, mzee mkali aliyenirushia spana mara mbili, alikuwa amenionya: ukiwa peke yako, endesha mpaka tambarare, simama, rudi kwa miguu uyatoe mawe yako. Nilijua. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Jiwe moja lilibaki kando ya barabara. La pili, ambalo lilikuwa la duara, likabiringika taratibu, likavuka mstari, likakaa upande wa wanaoshuka, pale pale kona inapokunjika. Nililiona. Sitaki ufikiri sikuliona.

Lakini fundi wa ujenzi kule Timau alikuwa anaungoja mchanga, na lori lilikuwa limeshashika mwendo mzuri. Nikajiambia atapita mtu aliondoe. Tambarare ikaja, nikaipita.

Saa nane hivi nilikuwa nikirudi, lori tupu, nikipiga mluzi. Kwenye kona nikakuta watu wanne wamesimama barabarani wakinipungia mikono. Kabeji zilikuwa zimetapakaa kila mahali, nyingine zimeteremka hadi mtaroni. Baiskeli ilikuwa imejikunja. Katikati alilala kijana wa rika langu, uso wa kijivu, mguu wake mmoja umeelekea kusikoelekea mguu wa mtu.

Jina lake ni Mwenda. Alikuwa Mmeru aliyenunua kabeji kule juu na kuziteremsha kwa baiskeli hadi sokoni Isiolo, ambako mama yake aliziuza. Wanaume wa kazi ile walikuwa mashujaa, nakwambia. Gunia mbili nyuma, breki za mpira zilizokwisha, na soli ya kiatu imekanyagia tairi ili baiskeli isikimbie.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka shambani akanionyesha. "Ni hii jiwe," akasema kwa hasira. "Hawa madereva! Wanaweka, wanaenda. Mungu anawaona."

Nami nikatikisa kichwa pamoja nao. Nikasema, "Watu wengine hawana utu." Mwanangu, niliyasema maneno hayo kwa kinywa changu hiki.

Tukambeba Mwenda tukamlaza nyuma ya lori, kwenye gunia zake mwenyewe, na yule mwanamke akapanda kumshika. Nikateremka kwa gia ndogo, polepole, kila shimo nikilipita kama nabeba mayai, na kila shimo bado nikamsikia akilia. Hospitalini walisema mfupa wa paja umevunjika mara mbili. Angetembea tena. Baiskeli ya mzigo, hapana.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine. Hilo hawakutuambia.

Mama yake Mwenda alinitafuta jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Chechelesi, naye akaja amefunga leso kiunoni, macho mekundu. Kila mtu humwita Mama Mwenda. Akaweka mkono wake kichwani pangu, nikiwa nimesimama mlangoni, akaomba kwa Kimeru kwa muda mrefu, na mwisho akasema kwa Kiswahili nielewe: "Umeniokolea mtoto. Kuanzia leo na wewe ni mtoto yangu. Murungu akutharime." Mungu akubariki, ndiyo maana yake. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumapili iliyofuata akaja na kabeji mbili na viazi. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Nilizila. Ungefanya nini, uzitupe? Nilikuwa kijana, na njaa haina haya. Nilijiambia nikinyamaza simwumizi mtu. Mguu umeshavunjika, na kusema hakutauunga. Uongo wa kujidanganya mwenyewe ndio mtamu kuliko wote, maana hakuna wa kukupinga.

Wiki ya tatu akanitumia ujumbe. Kesho niende kanisani kwao, ameshasema na mchungaji, nisimamishwe mbele ya watu wote wanishukuru. Hapo nikashindwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumamosi hiyo mchana nikaenda sokoni.

Nilimkuta akikata kabeji kwa kisu kikubwa, mteja mmoja akisubiri. Sikungoja nafasi nzuri kwa sababu nilijua nikiingoja nitageuka nirudi.

"Mama," nikamwambia, "ile jiwe ilikuwa yangu."

Kisu kikasimama. Hakuniangalia. Akamaliza kukata, akamfungia mteja, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena. Halafu akajifuta mikono.

"Ulijua imebaki?"

"Niliona kwa kioo."

Nilijitayarisha kwa kofi. Nilijitayarisha kwa polisi, kwa nduru, kwa soko zima kunigeukia. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kuomba msamaha, marefu na mazuri, nimeyafanyia mazoezi ndani ya lori. Yeye akaniuliza kitu kingine kabisa.

"Na saa hii iko wapi?"

"Nini, Mama?"

"Hiyo jiwe. Iko wapi saa hii?"

Sikujua. Siku ile kila mtu alimkimbilia Mwenda, na tangu hapo nilikuwa napeleka mchanga upande wa Merti, sijapanda mlima. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeifikiria hatia yangu, aibu yangu, siri yangu. Jiwe lenyewe sikulifikiria hata mara moja.

"Wiki tatu unakula kabeji yangu," akasema, "na hujui jiwe yako iko wapi? Pole yako inaweza kungoja, Ekiru. Hiyo jiwe inangoja mtoto ya nani?"

Akamwomba jirani yake amwangalizie meza. "Twende," akaniambia. "Washa lori."

Tukapanda mlima. Nimeendesha magari miaka mingi, nimebeba maiti, nimebeba mabibi harusi, sijawahi kubeba abiria mzito kama yule mama kimya pembeni yangu. Tulipofika kwenye kona nikaegesha pale tambarare, tukarudi kwa miguu.

Lilikuwepo. Mtu alikuwa amelisukuma kidogo kwa mguu, si zaidi, na bado lilikuwa juu ya lami. Kando yake kulikuwa na alama za magurudumu mchangani, nyingi, zimejipinda kulizunguka. Wiki tatu madereva wote wa barabara ile walikuwa wamelikwepa, kila mmoja kwa ustadi mkubwa, kila mmoja akimwachia wa nyuma.

Tukiwa tumesimama hapo, akateremka mtu wa baiskeli na mitungi ya maziwa, kiatu kimekanyagia tairi. Akaliona jiwe karibu mno. Akayumba, mitungi ikagongana, akarudi sawa. Akatusalimu, "Habari zenu!" akapotea chini. Nikachuchumaa.

"Huyo pia ana mama," akasema Mama Mwenda.

Nikalibeba lile jiwe. Sikulibiringisha, nililibeba kifuani, nikalitupa mbali, chini kwenye majani. Nikarudi kulichukua na lile la kando. Kisha bila kuambiwa nikapanda na kushuka kona ile nikitoa kila jiwe nililolikuta, la kwangu na lisilo langu, hata shati likalowa. Yeye alisimama juu akiniangalia, leso yake ikipepea, na sikuweza kujua kama ananisamehe au ananihesabia.

Nilipomaliza akasema, "Baraka nilikupatia, sitaichukua. Kanisani usikuje kesho. Kwa Mwenda utaenda mwenyewe, na mimi sitakuwa hapo."

Nikaenda. Mwenda alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta. Miezi mingi hakusema nami. Baadaye alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na hadi leo yuko, anachechemea, fundi hodari. Hata wale vijana wa Nairobi wakikatikiwa na mnyororo hupelekwa kwake. Tunasalimiana. Tumezikiana wafu, tumechangiana harusi za watoto. Lakini hajawahi kupanda gari langu, hata siku ya mvua, na mimi sijawahi kumlaumu. Msamaha si deni la mtu kukulipa. Akikupa nusu, pokea nusu, ushukuru.

Basi hili ndilo jibu langu, mwanangu. Kona mbaya ni ile uliyoipita salama ukaacha kitu nyuma yako. Wengi watakufundisha mengine, na ni kweli: shuka kwa gia uliyopandia, usiliachilie gari bila gia mteremkoni kwa tamaa ya kuokoa mafuta, piga honi kabla ya kona, na ukitaka kuitazama nchi, simama kwanza, maana mlima hauendi popote. Mpe mtu wa baiskeli nafasi. Yeye hana bati la kumkinga. Na siku ukiwa wewe mwenye baiskeli, usishindane na simu yako. Lakini ukitia jiwe chini ya gurudumu, au ukiweka matawi barabarani kuonya watu, rudi uyatoe. Rudi hata kama umechelewa, hata kama hakuna aliyekuona. Na ukikuta la mtu mwingine, usijisifu kwamba umelikwepa. Shuka.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usikae ndani ukiibembeleza hatia yako kama mtoto mchanga. Kwanza nenda kaondoe hatari. Machozi baadaye.

Mungu akupe pumzi ya kupanda na breki za kushuka. Akupe macho ya kuona mbele na moyo wa kutazama kioo. Ufike kila uendako, uwakute wako wamekuwekea chakula, na anayekuja nyuma yako apite salama bila kujua kamwe kwamba ulikuwa umesimama pale.