Mafuta ya Ngazi Ndani ya Maji ya Mutoto

Pasta alikuwa ameinua mujukuu wangu juu kwa mikono mbili, mbele ya kanisa nzima, anatangaza jina yake, na kitu cha rangi ya machungwa kikaanza kushuka pole pole kutoka ku nguo nyeupe ya mutoto, kikaingia mu mukono ya shati ya pasta mpaka ku kiwiko. Mama mumoja wa benchi ya mbele akalia: «Mwebantu! Jamani, mutoto anahara!»

Sasa munajua, hapa Nchelenge, wakati wa mvula, huku pembeni ya ziwa, neno ile haisemwi bure: ni kipindupindu. Batu balisimama wote mara moja, bakapindua mabenchi, bakakimbilia ndoo ya kunawia ku mulango. Na mi? (Aibu yenyewe iko hapa, basi niiseme niimalize.) Mi bibi yake nilikuwa wa tatu ku ndoo. Vita ya kwetu Kongo niliikimbia na batoto bane, hakuna mumoja nilimwacha, na siku ile nilikimbia nikaacha mujukuu mu mikono ya pasta.

Bon, nirudi nyuma. Bupe, muke wa mwana wangu Kabwe, ni mutoto wa hapa Zambia, na mama yake, Bana Bupe, alitoka Mununga kuja kuona kama mujukuu anatunzwa muzuri kwa sisi bakimbizi. Alisema wazi, amekaa ku kiti yangu, anakunywa chai yangu: «Nikiona uchafu, nabeba mwana wangu na mujukuu.» Mi nikacheka tu. Mi, uchafu? Mi ndiye natengeneza maji ya kupanguza mutoto, yenye hata bamama ba kliniki banakuja kuniuliza! Siko na masomo, lakini hii naijua: unachemusha maji, unaacha yapoe, unatia saboni ya mutoto kidogo kama kucha, na kijiko moja ya mafuta ya kupikia, ile ya rangi ya maji. Moja! Unalowesha vitambaa vya flaneli, unavikamua, unavikunja mu kikopo chenye kifuniko. Mutoto akichafuka unatoa kimoja, unapanguza, unakifua, kinatumika tena.

Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi ile nguo nyeupe, makaa yanataka kuzima, nikaita mulamu wangu Mado, dada ya bwana wangu: «Mado, malizia maji ya mutoto, imebakia mafuta tu.» Hiyo tu. Kumwachia Mado kijiko, hiyo ndiyo kosa yangu, na naikubali. Zingine zote ni zake.

Mu kanisa, mbele kidogo ya kuitwa, mutoto akachafuka. Nikaona ni bahati! Nikakaa karibu na Bana Bupe kusudi aone muzuri, nikafungua kikopo na madaha yote, nikapanguza mutoto mbele, nyuma, mu mapaja, macho yangu iko ku uso ya Bana Bupe, siangalii hata mikono yangu. Na vitambaa vyenyewe nilivikata ku bulangeti ya manjano, rangi ingine haionekani, ningejua nini? Nikavalisha mutoto, nikamupa pasta, nikakaa kama malkia.

Zingine munazijua. Wakati tunagombania maji ku ndoo, pasta, mwanaume wa kweli, alibaki na mutoto, akanusa kiwiko yake, akaniita: «Mama Kabwe, hii si kuhara. Hii inanuka sombe!»

Mafuta ya ngazi, ile mawese nyekundu tunapikia sombe, majani ya muhogo! Lakini batu bamekwisha kutawanyika, na Bana Bupe amekwisha kunyakua mutoto kwa pasta na kuvuta Bupe ku mukono, hataki kusikia sombe, hataki kusikia pasta. Siku ile ile balipanda gari ya Mununga.

Nikamukuta Mado ku nyumba, anakula.

«Mado, ulitia mafuta gani?»

«Mulamu, ile ya kupikia ilikuwa imeisha. Ya ngazi ni ya kwetu, inalainisha ngozi.»

«Vijiko ngapi?»

«Ah, nani anapima? Nilimwaga.»

Na akacheka! Mutu alikuwa amekaa mu koro, na baimbaji, siku ile, aliona ile rangi inashuka, aliijua, ile mafuta alimwaga mwenyewe, na hakufungua kinywa ila kwa kucheka. Sasa Kabwe analala peke yake, na ku soko banamama banasogeza mabeseni yao nikipita.

Mi kijiko sitaachia mutu tena, mpaka naingia mu kaburi. Lakini hiyo ni azabu yangu. Wewe Mado, mwana wa baba mukwe wangu, yako ni hii: Mungu akipenda, Jumapili inayokuja tutakuwa pale pale mu kanisa, pasta amekwisha kukubali. Utasimama mbele ya batu, si mu koro, mbele, na chupa ya ngazi mu mukono, useme: ni mimi. Halafu utapanda gari ya Mununga, useme vile vile mbele ya Bana Bupe, na usirudi bila mujukuu wangu ku mugongo. Nakungoja, Mado. Jibu.