Alionja Kwanza

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, nyumbani kwangu Iyunga, malori yakinguruma barabarani.

Mimi ni mtunzi wa riwaya za upelelezi. Nimetoa tisa, na kiburi kilinijaa. Ya tisa niliiokota msibani Kilolo. Nilimsindikiza rafiki yangu kumzika mjomba wake, mpasua mbao aliyekatwa kidole kimoja na msumeno. Sikuwahi kumwona akiwa hai. Watu walinong'ona kwamba alikufa siku ileile aliyokunywa ulanzi, pombe ya mianzi, aliopewa na mkewe. Nikabadili jina tu, habari ya kidole nikaiacha vilevile. Kule anayekupa ulanzi huonja kwanza, ujue hauna sumu. Basi nikajiona bingwa: mke wa kwenye riwaya akaonja, kisha akachovya ukucha wenye sumu wakati wa kumpa mumewe kikombe. Kitabu kiliuzika hadi Kilolo kwenyewe.

Mwaka jana, ukungu umeshuka, mzee mmoja akabisha hodi. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. Nikammiminia chai. Hakuigusa.

"Onja kwanza, mwanangu."

Nikaonja. Akapokea kikombe kwa mkono wenye vidole vinne. Niamini, nikaukumbuka msumeno wa Kilolo.

"Mke wangu naye alionja," akasema. "Mimi nimeuawa na kifua changu tu. Wamemfukuza kwa sababu ya kitabu chako. Kifute."

Nikifute vipi, na kimeshasomwa? Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa kimejaa, na chai ilinuka ulanzi.

Nilikwenda Kilolo, nikasimama mbele ya ukoo, nikasema yote niliyatunga. Shemeji wa yule mjane akanitazama kwa huruma.

"Mwandishi, usiogope bwana. Wewe si umeeleza mpaka ukucha?"

Kabla ya kumfukuza mjane huyo, walikuwa wakimwaga kila alichowapa, hata alipoonja mbele ya macho yao. Alipo sasa hakuna anayejua.

Tangu hapo sijamaliza riwaya hata moja. Nikifika pa kumtaja muuaji, mkono unakufa ganzi, na chai iliyo mezani inanuka ulanzi. Nimetubu kanisani, nimelia, wapi! Sina la kufanya.

Nawe unayeokota maneno msibani, shika ulimi wako. Na popote ulipo, ukikutana na mama mjane, mgeni wa mahali hapo, akaonja kikombe kisha akakupa, nakuomba sana, kunywa.