Panzi wa Ijumaa

Sipendi wadudu, niseme wazi. Lakini tangu baba yangu, Mzee Zachariah, aanguke kutoka mti wa avokado na kuvunjika nyonga, nimewinda nzi zizini mara nyingi kuliko nilivyokamua ng'ombe.

Miaka thelathini alipima majani ya chai hapa Sironga, mtu wa kutembea, hata chai ya asubuhi aliinywa amesimama. Sasa ana kitanda sebuleni, dirisha moja, na mimi Orpah, niliyeachika nikarudi nyumbani. Ndugu zangu wako mjini. Wanapiga simu, "Orpah, Mungu akubariki," basi. Nimechoka jamani. Kuna siku natamani kupiga nduru.

Chanzo ni kivunjajungu, mdudu aliyekuja na mkungu wa ndizi, angali mdogo, hana mabawa. Baba akaniagiza nikate mtungi wa maji wa plastiki, nitie kijiti ndani, nifunike juu kwa kipande cha neti. Akamwita Pasta, kwa vile anavyokunja mikono.

"Baba, acha dhihaka! Pasta gani anamla nzi akiwa hai, tena anaanza na kichwa?"

Alicheka mpaka akashika nyonga. Pasta hali kitu kilichokufa, lazima chakula kitikisike. Asubuhi namnyunyizia matone ya maji kwa vidole, naye huyanywa. Kila akikua hujivua ngozi, akining'inia kichwa chini.

"Bado mara moja tu," baba aliniambia. "Safari hii atatoka na mabawa. Tutafungua neti aende zake. Angalau mmoja wetu atoke humu ndani, Orpah."

Nilikwenda jikoni nikalia.

Ijumaa moja Pasta alining'inia, akakataa nzi. "Usimpe kitu," baba akasema. "Anajiandaa." Mimi nami nilikuwa na yangu. Sisi ni Wasabato, kila kitu kiwe tayari kabla jua halijazama: kuni, maji, matoke yamepikwa. Kesho sitawinda mdudu, hiyo ni kazi. Sasa kiumbe cha Mungu kishinde njaa siku nzima? Baba aliposinzia, nikatumbukiza panzi mmoja mnene niliyemtoa kwenye majani ya nepia ya kulishia ng'ombe. Mimi na ukaidi wangu.

Sabato nikafunga mlango kwa kufuli kama kawaida, nikaenda kanisani, nikakaa mpaka chakula cha mchana cha waumini.

Niliporudi baba alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na meza yenye mtungi, kiwiko kinatoka damu. Sauti ilikuwa imemkauka. Mle mtungini panzi alikuwa akitafuna, bila haraka. Pasta alikuwa ametoka nusu kwenye ngozi ya zamani, mwili bado laini, hakuweza kujitetea. Bawa moja lilikuwa limeanguka chini, limekunjamana.

"Niliita," baba akasema. "Nilipiga kelele mpaka basi. Nani alimtia panzi?"

"Mimi, Baba. Leo ni Sabato, nisingeweza kumtafutia chakula. Nisamehe."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Na kuniinua, Orpah? Hiyo unaweza leo?"