Kahawa Haitoki Bila Oda

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza buni. Buni ni kahawa mbichi, kabla haijaona moto, na mie niliyekulia Kilimanjaro nilidhani naijua. Kumbe kwetu tuliilima, tukaiuza, tukanywa chai. Mzee Shomari, mwenye kijiwe cha kahawa pale Tandika, alichungulia kikaango, akacheka mpaka akakohoa.

"Binti, hii hata shetani hanywi. Sikiliza, usiangalie tu. Ikianza kupasuka, koroga. Ikinyamaza, ipua."

Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Alinifundisha kutwanga kwenye kinu, kukadiria tangawizi, na kusuuza vikombe mbele ya mteja ili aone mwenyewe. Jambo moja hakulifundisha kwa maneno. Akifa mtu mtaani, aliwaacha wateja pale pale, akabeba birika na jiko lake kwenda msibani hata turubai halijafungwa. Hakusubiri kuitwa wala hakupokea senti.

Aliponiruhusu kujitegemea nilifungua duka Kinondoni, lenye viti na feni. Likafuata la Mbagala, kisha Mbweni, ambako nilileta mashine ya kukamua kahawa kwa mvuke. Mzee miguu ilipomgomea akaniachia kijiwe chake, nikakijenga kuwa duka la nne. Nikajiona nimefika. Nikawa bosi wa ofisini, wa kuandika kanuni na kuzibandika ukutani. Moja ilisema: kahawa haitoki dukani bila oda ya maandishi. Wafanyakazi walikuwa wakiwagawia marafiki zao, nami nikaona nimewakomesha.

Habari za kifo cha Mzee Shomari zilinikuta Mbweni. Nilipofika Tandika, wanaume walishakaa chini ya turubai, na aliyekuwa akiwamiminia kahawa ni mchuuzi wa kutembeza nisiyemjua. Duka letu lilikuwa mtaa wa pili tu.

Mwanahawa, binti wa marehemu, alinipokea mlangoni. Baada ya kumpa pole nilimuuliza kahawa yetu iko wapi. Hakupandisha sauti.

"Mama, tulimtuma mtu dukani. Wakasema tuandike oda kwanza."

Nilikwenda dukani karibu nikimbie. Neema, meneja wangu, alikuwa amesimama kaunta, macho yamemvimba kwa kulia.

"Bosi, si ulisema mwenyewe? Ulisema hata awe nani."

Kweli nilisema. Sikuwa na wa kumgombeza. Nikaibandua ile karatasi, nikarudi msibani mikono mitupu; kahawa yetu ilikuwa imeshachelewa. Sikuingia ndani kwa wanawake wenzangu. Nilimwomba yule mchuuzi birika lake, nikawamiminia wanaume mmoja mmoja mpaka jeneza likatoka. Wengine walipokea kikombe bila kunitazama, na sikuwalaumu.

Sasa nimestaafu, binti yangu ndiye anaongoza. Vijana wanaotaka kufungua maduka huja kuniuliza habari za mashine, nami nawajibu, lakini kwanza nawauliza kama wanawajua majirani zao. Siku hizi mtaani kukiwa na msiba, birika letu linatangulia. Wafiwa wananishika mkono, wananiita mama wa watu. Naitikia huku naona aibu. Nimepeleka kahawa kwenye misiba ya watu ambao hata majina sikuyajua. Aliyenifundisha kazi alikuwa mmoja tu, akazikwa kwa kahawa ya mtu mwingine.