Uzio wa Salvatori

Nilikuwa ndani ya shimo mpaka magotini, mbele ya wanakanisa na wakwe zangu wote, nimeshika kiatu cha mwanamke, na ni mimi niliyekuwa nimeapa kwamba hapo amelala mume wangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kitenge akaniuliza polepole, "Sasa huyu ni nani, Mama Nadia?"

Niwaambie ilivyofika huko, maana aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Vita ilipoingia kwetu Kanyosha, Zakaria wangu waliniulia nyuma ya nyumba, na kwa kuwa tulikuwa tunakimbia, tukamfukia haraka mpakani, kati ya parseli yetu na ya jirani yetu Salvatori. Shemeji Melkiyori alitaka kuweka mawe. Nikasema apana, mawe watu watayabeba wakajengee (nilijiona nina akili), nikakata tawi la umurinzi nikalichomeka kichwani pake, maana mti huo hata fimbo tupu inashika, na kwetu hakuna mutu anayethubutu kuufanya kuni. Mi sikusoma, lakini miti naijua. Umurinzi una majani matatu matatu, gome nene lililopasuka lenye miiba, na maganda yake yakifunguka yanatoa mbegu nyekundu zenye doa jeusi, kama jicho lisilolala. Nitaupoteaje?

Miaka ikapita, tukiwa Gihosha kwa dada yangu. Vita ilipotulia nikaita watu wote tukamtoe Zakaria tumzike kikristo, na jeneza tukabeba, bila hata kwenda kwanza kuangalia mahali.

Tulipofika nikasimama. Mpaka wote, toka barabarani mpaka bondeni, ulikuwa umurinzi mtupu, mmoja baada ya mwingine, na juu yake hapakuwa na ndege hata mmoja.

Salvatori alikuwa amekaa mlangoni kwake na mrija wake katika chungu cha pombe. "Karibuni," akasema. "Nilijipandia uzio. Matawi nilikata kwa ule wenu, ukakubali sana."

"Wetu ni upi?"

"We si ndiye fundi wa miti? Tafuta."

Katekista akaninong'oneza turudi siku nyingine. Ningemsikia. Lakini wakwe walikuwa wananitazama, jeneza liko chini linasubiri, nami nikaanza kupita mti kwa mti, nikishika gome, nikipima shina kwa mikono, nikiokota mbegu na kuzigeuza (kama daktari, mjinga mimi), mpaka nikawaza hivi: mti wenye mutu chini yake lazima unenepe. Nikaukuta mmoja umenenepa kuliko wenzake, na nilipoushika gome lake lilikuwa na joto, ingawa jua halikuwa limetoka toka asubuhi.

"Yuko hapa," nikasema kwa sauti kubwa. "Naapa mbele ya Mungu."

Wakachimba. Mizizi ilikuwa imeikumbatia mifupa, ikabidi tuikate kwa panga, na nilipoingia mwenyewe kumpokea mume wangu, ndipo mkono wangu ukatoka na kile kiatu.

Ndipo mama mkwe akaniuliza lile swali lake. Melkiyori hakuwa ananiangalia mimi tena, alikuwa anafuata ule mstari wa miti kwa macho, nami nikafuata. Mingine ilikuwa myembamba. Lakini iliyonenepa haikuwa mmoja, na haikuwa miwili. Salvatori akaweka mrija chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Yule mama mwenye kiatu tulimlaza katika jeneza la Zakaria, katekista akaomba bila jina. Mpaka leo mtaani wananiita Mama Kiatu, na sitaapa tena juu ya kitu kilicho chini ya udongo.

Wanicheke tu. Lakini we Salvatori, wa uzio, huna sababu ya kunicheka. Matawi ulikata kwangu, mashimo ulichimba wewe, na kila mti ulionenepa ulijua unauchomeka juu ya nani. Zakaria yuko chini ya upi? Na wale wengine, nani aliwaleta kwenye mpaka wangu? Fungua mlango unijibu.