Mwosha mifupa anayesaka kidole cha mumewe

Jua bado halijapenya ukungu wa milima ya Cam Đường, na turubai limetandwa juu ya kaburi la mteja ili mwanga usiiguse mifupa. Đào Thị Mận amechuchumaa mbele ya beseni la maji ya tangawizi na mdalasini. Anaokota kipande cha rangi ya kahawia, anakipangusa, kisha anakigusisha ncha ya ulimi.

"Mtu," anasema, na kukilaza juu ya karatasi nyekundu.

Kinachofuata hakinati. "Jiwe." Anakitupa nyuma bila kugeuka.

Mwandishi wa makala haya alitamani kuondoka. Hakuondoka.

Mận ana umri wa miaka hamsini na sita, na kazi yake ni kuwafukua wafu waliokwisha kukaa chini miaka yao ili wazikwe mara ya pili, kama ilivyo desturi ya huku: kuwaosha na kuwapanga katika sanduku la udongo, kuanzia miguuni hadi fuvu. Hulipwa dong milioni moja na nusu kwa kila marehemu. "Na kuku, kama wenye mtu wao ni waungwana," anaongeza.

Kwingine kazi hii haihitaji ulimi. Lakini mlima huu ni wa apatiti, jiwe la fosfati linalosagwa kuwa mbolea, na mfupa uliolala humu huchukua rangi ya jiwe mpaka macho yashindwe. Mfupa una vitundu, kwa hiyo hunata ulimini. Jiwe huteleza.

Mumewe, Thuật, alikuwa mtoboa miamba mgodini. Aliuawa na maporomoko. Ulipofika wakati wa kumfukua, Mận alikaa kando, kwa kuwa mke haoshi mifupa ya mumewe wala haitii ulimini. Aliyemwosha ni Mzee Quỳ, mwalimu wake Mận.

"Mzee alikuwa fundi kweli, lakini tambuu haikumtoka mdomoni," anasema. "Ulimi umejaa chokaa na mate mekundu, utasikia nini?"

Kosa hilo halikujulikana hadi mwezi uliopita, Thuật alipomjia ndotoni. Aliketi kwenye sinia ya chakula, akashika vijiti kwa mkono wa kushoto, na wali ukawa unamwagika.

"Mume wangu hakuwa mashoto. Nikamwuliza, 'Baba Duyên, kuna nini?' Akauficha mkono wa kulia mgongoni, kama mtoto aliyevunja bakuli."

Alilifungua sanduku. Katika kidole gumba cha kulia, kipande kimoja kilikuwa kizito kuliko mwenzake wa kushoto. Akampelekea Kiên, mhandisi kijana wa mgodini, naye akakitazama kwa lenzi.

"Nilimwambia, shangazi, mumeo kalazwa pamoja na jiwe," anakumbuka Kiên. "Ila asilaumiwe mtu. Mfupa na apatiti ni ndugu, wote kalisi na fosfati. Jiwe lina florini zaidi, basi. Na mfupa ukikaa ardhini nao huinywa hiyo florini polepole, mpaka undugu ukamilike."

"Kwa hiyo mume wangu anageuka mgodi?" Mận anadakia.

"Sote, shangazi. Wengine wamewahi tu."

Shimo la kaburi la zamani la Thuật limo katika eneo litakalochimbwa kesho. Mashine ikipita, kidole kitasagwa pamoja na mawe na kumwagwa mashambani. "Nitakuja kumla mume wangu kwenye wali," anasema Mận. Hacheki.

Wiki nzima amechekecha udongo wa shimo lile. Vimebaki vipande vitatu vya kutilia shaka, na Kiên anakiri kwamba kwa vipande hivyo hata lenzi yake inabahatisha. Vyote vikiwa mawe, Mận atarudi shimoni achekeche hadi mashine itakapomfukuza.

"Jirani zangu wanakula mpaka watoto wa nyigu," anasema, "lakini kwa kuvionja hivi wote wamefunga midomo."

Alasiri anamsogezea mwandishi kisahani. "Wewe si ndugu yetu. Tambuu hutafuni?"

"Sitafuni, mama."

"Basi nisaidie."

Cha kwanza kinateleza, baridi, na ladha ya mvua. Cha pili vilevile. Cha tatu, kidogo kama kokwa ya tende, kinaushika ulimi na kuuvuta. Mwandishi anafungua mdomo. Hakidondoki.

Mận anasogea karibu sana. "Usikitoe," ananong'ona. "Mwache kidogo."

Kisha anampokea kwa karatasi nyekundu, kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka.

Kesho, kabla ya mashine kufika, mwosha mifupa wa kijiji cha pili atakuja kukiosha na kukirudisha sandukuni. Thuật atahamishiwa makaburi mapya ng'ambo ya mto, ambako Mận ameomba nafasi ya pili ubavuni pake. "Nikifika, nataka anipokee kwa mkono wa kulia," anasema.

Jioni anaandaa sinia na bakuli moja la ziada. Tangu ile ndoto, vijiti vya bakuli hilo amekuwa akiviweka upande wa kushoto. Leo anavilaza kulia.

"Haya, baba Duyên," anasema. "Kula vizuri, tuna mgeni."