Binti wa Kwenye Mwavuli

Kila Jumapili asubuhi Shen Yuzhen hufungua mwavuli wake katika bustani moja ya Shanghai, akauweka chini na kuubandikia karatasi ya kumtafutia bintiye mchumba. Wazazi wenzake nao wamejipanga na miavuli yao, kila mmoja akimnadi mtoto ambaye hakumtuma. Wapitao husoma umri, urefu, nyumba, kazi. Penye kazi, Yuzhen alikuwa ameandika "ofisini".

Uongo mtupu. Luming, miaka thelathini na mmoja, ni fundi wa lifti. Lakini Yuzhen alisota miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa, na aliapa mwanawe hatashika grisi.

Jumapili moja Tao Cuihong, mama wa kijana wa benki, alisoma karatasi ile mara mbili, kisha akavuta kigoda. Miezi minane Yuzhen alikuwa akimsubiri mtu wa kuvuta kigoda.

"Dada, huyu nimempenda. Yuko ofisi gani?"

Kabla hajajibiwa, Luming huyo, na ovaroli lake limejaa grisi.

"Mama, dawa ya presha umeiacha tena mezani! Unanitafutia mume au msiba?" Akamkabidhi dawa, akarudi mbio kazini.

"Nani yule?" Cuihong aliuliza. "Fundi wenu?"

Hapo Yuzhen angeitikia tu, mambo yakaisha. Ila alimkumbuka mzee Gu, jirani yao wa ghorofa ya sita, aliyekaa ndani miaka mitatu kwa sababu magoti yalikataa ngazi. Jengo lao kuukuu lilipowekewa lifti, Luming alikuwa miongoni mwa mafundi. Siku ya kwanza mzee alishuka, akaenda kununua mwenyewe maandazi yake ya nyama, huku akilia njia nzima. Yuzhen aliionea haya karatasi yake.

"Ni binti yangu," akasema. "Fundi wa lifti."

"Makubwa! Mwanamke na spana? Mwanangu mtu wa benki, dada."

"Mnakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa."

"Basi mwambie huyo mtu wa benki apande ngazi."

Wenye miavuli wakaangua kicheko. Cuihong akaondoka amenuna. Yuzhen aliutazama uchumba ukienda zake, asijute hata chembe. Akatoa kalamu, akaifuta "ofisini", akaandika "fundi wa lifti" kwa maandishi ya kusomeka toka getini.